Shajara ya mradi: kuifunga risasi ardhini katika kiwanja cha majahazi, Lamu

Kabla ya masika

Kiwanja chenyewe kiko ufukweni, kisiwani Lamu, mahali ambapo mafundi wamekuwa wakipandisha vyombo tangu enzi za mababu. Bamvua likijaa, mashua au jahazi huvutwa juu, hukwanguliwa, hutiwa kalafati ya pamba, kisha hupakwa. Zamani sehemu ya chini ya maji ilipakwa deheni ya chokaa na shahamu, na mbao za juu zikapakwa sifa ya papa. Hivyo viwili havitusumbui. Kinachotusumbua ni rangi zilizokuja baadaye: ile nyekundu ya msingi iliyokuwa na risasi, ile metali nzito yenye sumu, na ile ya chini ya maji yenye shaba, ambayo shaba yake imetiwa makusudi ili mwani na viumbe vya baharini visishike kwenye mbao. Zikikwanguliwa huanguka mchangani, na mchangani zinabaki. Tena iko kona ya nyuma, chini ya mkungu, ambako betri za gari zilizokufa zilivunjwa kwa miaka mingi, risasi yake ikayeyushwa na kumiminwa chubwi za nyavu na mishipi.

Sisi ni kikundi cha kina mama wa bustani, vijana wa mazingira, mwalimu wa kemia wa sekondari, na mafundi wenyewe. Kina mama wameahidiwa kipande cha ardhi kilichopakana na kona ile ya mkungu, wapande mchicha na kunde. Ndipo likazuka swali: udongo ule unafaa? Na kama haufai, kuna mimea ya kuusafisha?

Hakuna mtu wa pwani anayeweza kulichukulia jambo hili kama porojo za wasomi. Mtaa wa Owino Uhuru uko Mombasa, si ng'ambo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia watoto wa mtaa ule risasi mwilini, mwanaharakati Phyllis Omido akasimama nao hadi akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kona yetu ni ndogo mno ukiilinganisha na kiwanda, lakini risasi ni ileile. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama.

Siku ya mkutano wa kwanza mwalimu alieleza kwamba iko mimea inayokula metali nzito. Bi mkubwa wa kikundi akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Mwalimu, mmea ukishaila hiyo risasi, huipeleka wapi?"

Swali hilo tumeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kila uamuzi uliofuata umepimwa kwalo.

Mvua za kwanza

Tumechukua sampuli za udongo: kona ya mkungu, chini ya magogo ya kupandishia vyombo, kipande cha bustani, na mahali pa mbali juu ya kiwanja pa kulinganishia. Kila sampuli imechanganywa kutoka vishimo kadhaa, vya kina cha kiganja kimoja, kwa sababu risasi haipendi kushuka. Inayotoka juu hubaki juu.

Kabla ya kuzifunga kwenda maabara Mombasa tulifanya jaribio la jikoni. Mwalimu alimimina siki kwenye kijiko cha mchanga, ukatoa povu. Hiyo ni chokaa ya matumbawe na makombe ikiyeyuka katika asidi. Kipimo cha pH, yaani cha ukali wa asidi, kilisoma zaidi ya 8 kila mahali, maana yake udongo hauna asidi. Mchanga wetu una chokaa mwingi, na juu yake imeongezeka deheni iliyodondoka miaka nenda miaka rudi.

Hili ndilo jambo la kwanza kulielewa. Metali ikiwa ardhini haina maana kwamba mmea unaweza kuinywa. Mzizi hunywa kile kilichoyeyuka katika maji yaliyo baina ya chembe za udongo. Katika udongo wenye asidi, risasi, zinki na kadimiamu (metali nyingine yenye sumu) hulegea na kuingia majini. Katika udongo wa chokaa kama wetu hugeuka kaboneti, hushikamana na chembe za chuma na za mboji, na kinachobaki majini ni kidogo sana. Kwa hiyo kiwanja kinaweza kuwa na risasi nyingi, na mmea juu yake ukawa na kidogo. Ila vumbi lake bado linaweza kuingia kinywani mwa mtoto.

Masika katikati

Mvua imetuzuia kazi ya nje, tukakaa barazani na hesabu.

Vijana walikuja na shauku ya alizeti na haradali. Shauku yao ina msingi. Alizeti ziliwahi kuwekwa zielee juu ya madimbwi ya karibu na Chernobyl miaka ya 1990, mizizi ikining'inia majini ili ivute sesiamu na strontiamu ya mnururisho. Haradali nayo imejaribiwa sana kwa risasi. Na duniani mpaka sasa zimeorodheshwa spishi zaidi ya 700 za mimea inayolimbikiza metali kupita kiasi, nyingi zikiwa za nikeli. Mti wa Pycnandra acuminata wa Kaledonia Mpya ukikatwa hutoa utomvu wa rangi ya buluu na kijani, na utomvu huo ukikaushwa, hadi robo ya uzito wake huwa ni nikeli. Mmea wa jamii ya kangaga, Pteris vittata, ulitangazwa mwaka 2001 kwamba hulimbikiza sumu ya arseniki katika majani yake kwa kiwango ambacho kingeua mimea mingine. Na huko Katanga, Kongo, ambako watu wa Lubumbashi wanazungumza Kiswahili chao, kuna ua la shaba, Haumaniastrum katangense, la ukoo mmoja na mrehani wetu. Huota kwenye udongo wenye shaba, hata juu ya mahali ambapo wahunzi wa kale waliyeyushia shaba, kiasi kwamba wanaakiolojia wamelifuata ua hilo kuzipata tanuri za zamani.

Lakini risasi si nikeli. Mimea inayolimbikiza risasi kwa kweli, hadi majanini, ni michache mno na wataalamu hubishania hata hiyo michache.

Tukapiga hesabu kwa mfano wa udongo wenye miligramu 1,000 za risasi katika kila kilo. Hekta moja, kwa kina cha sentimita 20, ina udongo wa tani kama 2,600. Ndani yake mna kilo 2,600 za risasi. Tuseme tunapata mavuno mema ya tani 10 za majani makavu, na kila kilo ya majani ina miligramu 100 za risasi, ambacho ni kiwango cha juu kwa mmea wa kawaida. Mavuno hayo yanaondoa kilo moja. Kilo moja kati ya 2,600. Kijana aliyekuwa akiandika aliinua kalamu akarudia hesabu upya, jibu likawa lilelile.

Ipo njia ya kuharakisha: kumwagia udongo dawa ya EDTA, inayoishika risasi na kuiyeyusha, nayo haradali ikainywa kwa wingi. Wengi walifanya hivyo katika majaribio ya miaka ya 1990. Tatizo ni kwamba risasi iliyoyeyuka haingoji mzizi. Mvua ikinyesha inashuka. Maji yetu ya kunywa yanatoka ardhini. Matuta ya mchanga ya Shela ndiyo tangi la mji huu. Kuilegeza risasi kwa makusudi juu ya mchanga unaopitisha maji namna hii ni jambo ambalo sisi hatutalifanya, hata tukipewa dawa hiyo bure.

Na wapo punda. Lamu punda hupita atakako na hula anachokikuta. Mmea wenye risasi majanini ni chakula cha punda, kinyesi cha punda ni samadi ya bustani, na samadi ni mchicha wa Ijumaa. Bi mkubwa hakuhitaji kuongeza neno.

Uamuzi: hatuivuti risasi. Tunaifunga hapo ilipo. Tunatafuta mimea inayovumilia metali, inayozizuia mizizini, yenye majani mazuri ya kufunika ardhi ili vumbi lisiruke wakati wa kusi, na tunatafuta kuvu wa kuisaidia mizizi hiyo.

Kusi imeanza

Makopo yamepangwa ukutani, upande usiofikiwa na punda wala watoto. Tuna mchicha, alizeti, na ukoka wa aina mbili: ukoka uliotolewa pembeni mwa kona ya mkungu, na ukoka wa uwanja wa mbali. Udongo ni wa kona ya mkungu, na kopo la kulinganishia lina udongo wa pale mahali pa mbali, juu ya kiwanja.

Sababu ya ukoka wa aina mbili ni hii. Mwaka 1952 mtafiti A. D. Bradshaw alionyesha kwamba nyasi za aina moja, Agrostis, zilizoota kwenye takataka za mgodi wa risasi huko Wales zilistahimili udongo ambao nyasi za aina hiyohiyo kutoka malishoni zilishindwa kukulia. Mbegu nyingi hufa, chache zilizozaliwa na ustahimilivu huzaa, na baada ya vizazi vichache mgodini huwa kuna nyasi zenye tabia yake. Baadaye aina za namna hiyo zilizalishwa na kuuzwa kwa kufunika migodi: "Merlin" kwa udongo wa chokaa wenye risasi na zinki, "Goginan" kwa udongo wenye asidi. Ukitaka kufunika udongo wenye sumu, basi, anza na jani ambalo tayari limeshaishi nao. Ukoka wa kona ya mkungu umekaa pale tangu betri ya kwanza.

Nimeombwa na vijana niandike hapa jinsi metali inavyoingia, maana walifafanuliwa mara moja tu na mambo ni mengi.

Mmea hauna haja na risasi wala kadimiamu. Una haja na chuma, zinki, shaba, manganisi, kalisi. Kwenye ngozi ya seli za mzizi mna protini zinazofanya kazi ya kupitisha. Mojawapo inaitwa IRT1, kazi yake ni kuingiza chuma. Lakini IRT1 ni bawabu anayeangalia kanzu tu, uso hautazami: zinki, manganisi, kobalti na kadimiamu zote hupita mbele yake. Sasa, udongo wa chokaa huwa na uhaba wa chuma kilichoyeyuka, kwa hiyo mimea kama mchicha na alizeti hutengeneza IRT1 nyingi zaidi na kutoa asidi mzizini kukitafuta chuma. Ukiongeza njia za chuma, umeziongeza za kadimiamu pia. Nyasi hutumia mbinu nyingine: hutoa kemikali inayotoka nje, ikakishika chuma, na kurudi nacho mzizini. Arseniki huingia kwa njia ya fosfati, kwa kuwa zinafanana. Mpunga huivuta arseniki ya matopeni kwa njia yake ya silika, na ndiyo maana wali hutajwa sana katika habari za arseniki.

Risasi yenyewe huingia kwa shida. Nyingi hunasa kwenye ukuta wa seli, ambako pektini, gundi ya ukuta huo, ina sehemu zenye chaji hasi zinazoishika. Ikiendelea ndani hukutana na ukanda wa Kaspari, pete ya lignini (ile dutu inayoufanya mti kuwa mgumu) inayouzunguka moyo wa mzizi na kulazimisha kila kitu kipite ndani ya seli badala ya kupenyeza pembeni. Hapo risasi husimama. Ndiyo sababu mizizi huwa na risasi mara nyingi zaidi kuliko majani.

Iliyoingia ndani ya seli haiachwi izurure. Mwaka 1985 Erwin Grill, Ernst-Ludwig Winnacker na Meinhart Zenk, Munich, walieleza fitokelatini: minyororo mifupi inayotengenezwa na mmea kutokana na glutathioni, molekuli ndogo ya kawaida ndani ya seli, pale metali inapoingia. Ndani ya minyororo hiyo mna salfa, na salfa hung'ang'ania kadimiamu. Zikishikana hupelekwa kwenye vakuoli, kile kifuko kikubwa cha katikati ya seli, na kufungiwa humo. Mmea unaolimbikiza hufanya kinyume: haufungi mzizini, unasukuma juu. Arabidopsis halleri ina nakala tatu za jeni ya HMA4, pampu inayopakia zinki na kadimiamu kwenye mirija ya kupandishia maji. Hayo yalichapishwa mwaka 2008. Juu kule metali hufungiwa kwenye vakuoli za majani, na wadudu wanaoyaonja hujuta.

Kwa hiyo mimea yote miwili inastahimili, mmoja kwa kuzuia na mwingine kwa kubeba. Sisi tunamtaka mzuiaji.

Kusi, bahari imechafuka

Leo tumeona kuvu ndani ya mizizi, na sijafurahi hivi tangu mradi uanze.

Hatuna maabara ya kibayolojia. Tulichokuwa nacho ni hadubini ya shule, wino mweusi wa kalamu na siki nyeupe. Njia ya wino na siki ilichapishwa mwaka 1998 na imeokoa shule nyingi zisizo na rangi za gharama. Mizizi myembamba ya ukoka ilioshwa, ikachemshwa katika hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10 mpaka ikawa kama kioo (mwalimu alifanya peke yake, na miwani na glavu, kwa sababu dawa hiyo hula ngozi), ikasuuzwa, ikachemshwa dakika tatu katika siki yenye wino wa asilimia 5, kisha ikasuuzwa tena kwa maji yenye siki kidogo.

Chini ya hadubini mzizi ulikuwa mweupe, na ndani yake zikapita nyuzi za buluu iliyokoza, zenye vifuko vya duara hapa na pale kama vilivyochorwa vitabuni. Maikoraiza: kuvu na mzizi wakiishi pamoja. Kina mama walipanga foleni kuangalia. Fundi mkuu, mtu asiyependa maneno mengi, aliangalia muda mrefu, akauliza: "Hawa wamo humu siku zote?"

Wamo siku zote. Mimea mingi ya nchi kavu, zaidi ya theluthi mbili ya spishi, huishi na kuvu hawa. Kuvu hupata sukari, mmea hupata fosfati na maji kutoka mahali ambapo mzizi haufiki. Na katika udongo wenye metali wana kazi nyingine. Ukuta wa kuvu una kitini, na mara nyingi melanini, ambavyo hushika metali. Nyuzi zao zina metalothioneini, protini zinazoshika metali, na vifuko vya kufungia. Metali nyingi huishia kwenye nyuzi kabla hazijaufikia moyo wa mzizi. Hazizuii zote, na si kila kuvu hufanya hivyo sawasawa. Ipo mimea ambayo kuvu huiongezea metali badala ya kuipunguzia, hasa pale inapokua vizuri zaidi na kuvuta maji mengi. Lakini kwa nyasi katika udongo mchafu, mara nyingi matokeo ni mazuri.

Kuvu wa udongoni wanaoishi peke yao wana ustadi mwingine: wanamwaga asidi, hasa asidi ya oksaliki. Asidi hiyo huyeyusha mawe na kugeuza metali kuwa oksaleti. Kundi la Geoffrey Gadd wa Dundee, Uskoti, lilionyesha mwaka 2012 kwamba kuvu wanaweza kuichukua risasi ya metali tupu na kuigeuza piromofaiti ya kloridi. Piromofaiti ni miongoni mwa maumbo magumu kuyeyuka kuliko yote ambayo risasi inaweza kuyachukua ardhini. Hata asidi ya tumbo huitoa kidogo tu. Ili iumbike inahitaji fosfati na kloridi. Kloridi tunayo: upepo wa kusi unaileta na chumvi ya bahari kila siku. Fosfati ndiyo inayokosekana.

Tahadhari tuliyoiandika ukutani: uyoga wowote utakaoota kiwanjani hauliwi. Uyoga huweza kulimbikiza kadimiamu na zebaki kuliko mboga nyingi.

Siku za mifupa

Fosfati iko soko la samaki. Vichwa na miiba hutupwa kila jioni, na mifupa ya samaki ni apatiti, madini ya fosfati na kalisi. Hatukulibuni sisi: mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Marekani lilianza kuchanganya unga wa mifupa ya samaki kwenye yadi za nyumba za mtaa wa South Prescott, mjini Oakland, kuifunga risasi papo hapo bila kuchimba na kuhamisha udongo.

Sisi tunachemsha, tunaanika juani mpaka mafuta yaishe, kisha tunatwanga kinuni. Kinu hicho hakitarudi jikoni.

Ugumu upo mmoja, na mwalimu aliuona kabla hatujauliza: apatiti huyeyuka vizuri kwenye asidi, na mchanga wetu ni chokaa. Unga ukimwagwa tu unaweza kukaa miaka bila kufanya lolote. Lakini kando ya mzizi, umbali wa milimita chache, pH hushuka kwa sababu mzizi hutoa protoni na asidi, na nyuzi za kuvu hutoa oksaliki. Hapo ndipo mfupa unapolegea na fosfati kukutana na risasi. Bila ukoka na kuvu wake, mifupa ni takataka ya soko iliyosagwa. Ndiyo maana tumeacha kusema mradi una sehemu mbili, ya mimea na ya mifupa.

Samadi ya punda imeongezwa pia, iliyooza vizuri, kutoka mazizi ya mbali na kiwanja. Shaba hupenda mboji kuliko karibu kila kitu, hushikamana nayo na kutulia. Fosfati haitaisaidia shaba kwa kiasi hicho. Na mahali penye arseniki fosfati ingeweza kudhuru, kwa kuipokonya arseniki nafasi yake udongoni na kuiachilia majini. Kwa sababu hiyo tuliongeza arseniki kwenye orodha ya vipimo kabla ya kumwaga hata kibaba kimoja. Majibu yamekuja safi kwa upande huo.

Maji mafu, mkondoni

Vijana walitaka kujua kuhusu mikoko, maana maji ya mvua hutoka kiwanjani na kuishia kule. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, hivyo swali lilistahili safari.

Tope la chini ya mchu ni jeusi na linanuka yai bovu. Harufu hiyo ni ya salfaidi. Ndani ya tope hamna oksijeni. Bakteria hupumulia salfati ya maji ya bahari na kutoa salfaidi, nayo hukamata risasi, shaba, zinki na kadimiamu na kuzigeuza mawe madogo yasiyoyeyuka. Msitu mzima umekalia ghala la metali lililofungwa. Mizizi ya mchu na mkaka hupeleka hewa chini, na hewa hiyo ikivuja hufanya kutu nyekundu kuzunguka mzizi. Tuliiona kwa macho baada ya kuuosha mzizi mmoja. Kutu hiyo nayo hunasa metali. Zinki na shaba kidogo hupanda hadi majani ya mchu, na mchu huzitoa pamoja na chumvi kwenye tezi za majani. Risasi karibu yote hubaki mizizini.

Tope likichimbuliwa na kuachwa juani, oksijeni huingia, salfaidi huwa asidi, na kila kilichofungwa kinafunguka. Mkoko unaokatwa na tope lake kufukuliwa hupoteza kuni, samaki na kufuli kwa wakati mmoja. Nimeiandika hivyo kwa herufi kubwa katika barua tuliyowapelekea wazee wa mtaa, kwa sababu kuna mazungumzo ya kutanua maegesho ya boti upande ule.

Matlai

Majibu ya makopo yamerudi. Mchicha uliota vizuri katika udongo wa kona ya mkungu, wa kijani, unaovutia, na hilo ndilo linalonitisha: hakuna jani lililonyauka kumwonya mpishi. Majani yaliyooshwa kwa maji mengi yalikuwa na risasi kidogo sana kuliko yale yaliyopimwa na vumbi lake, kwa hiyo sehemu kubwa ilikuwa juu ya jani na si ndani. Hata hivyo kadimiamu ilikuwa ndani, na kuosha hakukusaidia. Kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.3 za risasi na 0.2 za kadimiamu kwa kilo ya mboga mbichi. Mchicha wa kopo lile hauliwi.

Alizeti ilibeba kidogo, haikustahili nafasi yake. Ukoka wa mbali ulidumaa, mizizi ikawa mifupi na minene. Ukoka wa kona ya mkungu ulitambaa mpaka ukavuka ukingo wa kopo. Mizizi yake ilijaa risasi, majani yake yalikuwa na kidogo. Palipotiwa mifupa na samadi, risasi inayoyeyuka katika maji ya udongo ilipungua tena. Bado ni makopo, si kiwanja, na msimu mmoja ni mfupi kwa piromofaiti. Lakini mwelekeo ni ule tuliouomba.

Bi mkubwa alisomewa majibu yote. Akasema: "Basi haiendi popote." Ndivyo, haiendi popote, na ndilo sharti la kazi hii: ukoka haukatwi ukalishwa punda, kona haichimbwi, na mtu akitaka kujenga pale baada ya sisi lazima aambiwe kilichomo. Tumeomba ofisi ya mtaa iweke maandishi hayo kwenye kumbukumbu za ardhi, si kwenye daftari letu peke yake.

Bustani ya kina mama inahamishwa hadi juu ya kiwanja. Mboga za majani na za mizizi zitapandwa kwenye vitanda vilivyoinuliwa, kwa udongo ulioletwa, kitambaa kizito kikiwa chini. Ukingoni itakuwa mipapai na nyanya, kwa kuwa risasi haifiki kwenye matunda kwa kiasi kikubwa. Fundi mkuu amekubali ukwanguaji wote ufanyike juu ya turubai, mbao zikiwa zimelowanishwa, na maganda ya rangi yafungwe kwenye mapipa. Kuhusu rangi mpya, mafundi wametaka kuona cheti: kikomo cha Kenya ni sehemu 90 za risasi kwa milioni. Wazee wawili wameanza kuchemsha deheni tena kwa mashua ndogo, na vijana wamekwenda kujifunza.

Kazi za kabla ya kaskazi: kuhamisha vipande vya ukoka kutoka pembeni hadi kona nzima, kila kipande na udongo wake ili kuvu waende nao, kuzungushia makuti kwa ajili ya punda, kumalizia kutwanga mifupa, na kupeleka watoto wa nyumba zinazopakana na kiwanja wakapimwe damu. Hili la mwisho lilipaswa kuwa la kwanza katika orodha, na wiki hii ndilo la kwanza. Wazazi wameshazungumzwa nao nyumba kwa nyumba, na muuguzi ameshatupa siku.